Sanduku la Mninga

Njombe, Bomani
2 Agosti 1955

Shemeji Alois,

Kamwene. Sisi huku ni wazima, baridi tu ndiyo inayotutesa. Natumaini wewe na dada yangu Hulda mnaendelea kupata nguvu baada ya msiba.

Nina habari kubwa. Nimechaguliwa kwenda Dar es Salaam kwa mafunzo ya upigaji picha ya miezi mitatu, na nitakwenda kwa ndege! Tarehe 23 mwezi huu, kutoka kiwanja cha hapa Njombe. Karani mwenzangu amenuna tangu aliposikia.

Sasa nina kazi kwako. Nataka sanduku la kubebea kamera. Sitaki kazi ya haraka ya kupigilia misumari. Ndani ya ndege vitu hutikisika, na mizigo iliyoko tumboni mwa ndege hurushwa kama magunia ya viazi. Kamera isiguse ubao popote. Iwe na mito pande zote sita, hata juu. Kioo chake kifunikwe peke yake. Nimekukatia karatasi kwa kipimo chake kamili, imo humu. Usikosee.

Unajua kwa nini nasisitiza. Ile filamu bado imo ndani ya kamera. Picha niliyompiga Avelina siku ya Pasaka ni ya tano, na zimebaki tatu filamu iishe. Mwaka jana nilipeleka filamu Iringa kusafishwa, ikarudi nyeusi tii. Safari hii sitampa mtu. Nitaisafisha Dar es Salaam kwa mikono yangu mwenyewe, na picha ya mtoto nitawaletea ikiwa ndani ya fremu.

Kwa hiyo fanya kazi ya maana, shemeji.

Wako,
Lameki Mgaya


Makambako
11 Agosti 1955

Shemeji Lameki,

Barua yako nimeipata kwa dereva wa lori. Hongera ya safari.

Kwanza nikuambie jambo moja. Hukuwa na haja ya kuniandikia "usikosee". Filamu hiyo ni mtoto wangu. Tulimzika tarehe 9 Juni, surua ikiwa imemmaliza kwa siku sita, na hatuna picha yake nyingine popote duniani. Ungeniambia nichonge sanduku hilo kwa meno ningechonga.

Limekwisha. Ni la mninga mkavu, nilikuwa nimeuweka kwa ajili ya kabati langu. Pembe nimezishika kwa meno ya mbao na gundi, hakuna msumari hata mmoja. Hulda ameshona mito sita ya flana, ameijaza manyoya ya kondoo ambayo shangazi alituletea kutoka Ipelele. Flana ni ya lile gauni la Avelina la bluu. Nilimwuliza kama ana hakika. Akasema, "Alale kwenye nguo yake."

Tutakuja Njombe tarehe 20. Kama utakuwa kazini, iache kamera kwa mama, tutaifunga sisi. Nitalivika sanduku kitambaa cha marekani, Hulda atakishona, vumbi lisiingie.

Ninachokuomba ni kimoja. Sanduku hilo lisiende tumboni mwa ndege. Lipakate mapajani. Ukichoka, lipakate hivyo hivyo. Ukifika, usilifungue mpaka uwe kwenye chumba cha giza.

Alois Mlowe, Seremala


Dar es Salaam
30 Agosti 1955

Alois,

Naandika barua hii kwa uchungu, sitaficha.

Kamera imevunjika. Tulipotua hapa nililifungua sanduku lako nikakuta bawaba zimeng'oka, mfuniko umeruka, na kamera imegonga ubao mpaka mlango wake wa nyuma umefunguka. Mwanga umeingia. Filamu yote imeungua, picha ya tano pamoja na nyingine zote. Nimeisafisha hata hivyo, nikiwa na matumaini. Hakuna kitu. Ni nyeusi kama sufuria ya jikoni.

Nilikwambia mito pande zote. Nilikwambia isiguse ubao. Nilikukatia hata karatasi! Lakini mtu akizoea kuchonga vigoda vya kuuza sokoni Makambako ataelewa nini kuhusu kitu cha thamani? Wenzangu wote hapa wana kamera zao nzima. Mimi nimesimama mbele ya mwalimu Mzungu na kamera iliyofungwa kwa kamba, naonekana mshamba. Imebidi nikodishiwe nyingine.

Mwambie dada yangu wewe mwenyewe. Mimi siwezi.

Lameki


Makambako
10 Septemba 1955

Lameki,

Nimemwambia. Alikuwa anapepeta mahindi. Aliuweka ungo chini, akaingia ndani, na hakutoka mpaka kesho yake. Tangu siku hiyo hasemi nami ila neno la lazima.

Sasa nina maswali, na unijibu kama mwanamume.

Bawaba zipi? Sanduku langu halina bawaba! Mfuniko wake unateleza kwenye mfereji, unaingia kwa mbele na kutokea kwa mbele, kisha unakazwa na skrubu mbili. Bawaba ulizoziona wewe ziling'oka wapi? Unaniambia mlango umeanguka kwenye nyumba isiyo na mlango.

Tena unasema kamera iligonga ubao. Mimi na Hulda tuliifunga wenyewe, juu ya meza ya mama yenu. Nililigeuza sanduku kichwa chini, nikalitikisa kwa mikono miwili mbele ya mama. Halikutoa sauti. Mama akacheka, akasema hata yai lingefika salama.

Mimi sijawahi kupanda ndege, na labda sitapanda. Lakini ubao naujua. Kama kitu nilichokifunga kimevunjika, nirudishie sanduku nikione kilichovunjika. Lipe lori lolote linalokuja huku. Kama ni kosa langu, nitakuja Njombe kwa miguu, nipige magoti mbele ya watu wenu wote, hata wale waliosema Mkatoliki hafai kuoa kwa Mgaya.

Nirudishie sanduku.

Alois


Dar es Salaam
21 Septemba 1955

Alois,

Sanduku nimelitupa. Lingenisaidia nini?

Bawaba, mfereji, mimi sijui majina ya vitu vyenu vya useremala. Ninachojua ni kwamba lilifunguka. Badala ya kuomba radhi unanihoji kama hakimu.

Nimeona ni haki pia kumwandikia Mzee Yoramu wa kanisa letu huko Njombe, kwa kuwa nilisikia amekupa kazi ya milango na madirisha ya zahanati mpya ya usharika. Nimemweleza yaliyonipata ili ajue anamkabidhi nani kazi. Wagonjwa hawawezi kulala nyuma ya milango ya kuanguka.

Naomba tusiandikiane tena jambo hili. Nina masomo.

Lameki Mgaya


Njombe
4 Oktoba 1955

Alois,

Naandika mwenyewe, usitafute mwandiko wa mtu mwingine. Niko kwa mama. Najua ulipotoka kiwandani ulikuta moto umezimwa na kanga yangu haipo kwenye kamba. Sikukuaga kwa sababu ningekuaga tungepigana.

Nina hasira na wewe. Nina hasira mpaka mikono inaniuma. Siyo kwa sababu ya sanduku tu. Ni kwa sababu kila siku unazungumza habari ya sanduku! Mfereji, skrubu, mninga, gundi, jina lako, kazi yako. Mwezi mzima sijakusikia ukisema "Avelina". Unalilia ubao.

Nimemwuliza mama kuhusu kutikisa lile sanduku, akasema ni kweli halikulia. Lakini Lameki ni ndugu yangu wa tumbo moja. Alimbeba Avelina mgongoni kutoka hapa mpaka kanisani siku ile ya Pasaka. Siamini kwamba anaweza kunidanganya juu ya mtoto yule. Mtu asiyejua useremala anaweza kukosea jina la bawaba. Kwa nini wewe huwezi kukosea kufunga?

Mzee Yoramu alikuja hapa jana. Amesema kazi ya milango amempa fundi mwingine wa Wanging'ombe. Alisema kwa upole, huku akitazama chini. Mama alimkaribisha chai, akakataa.

Usije kunichukua. Sijui nitarudi lini.

Hulda


Makambako
9 Oktoba 1955

Mke wangu,

Umesema kweli, sijalitaja jina lake. Nikilitaja sauti inakatika, nami ni mtu mzima, nina vijana watatu wanaonitazama kiwandani. Kwa hiyo nataja mninga.

Lakini usiniambie nalilia ubao. Siku ile nilipoutelezesha mfuniko, wewe ulikuwa umegeuka unatafuta sindano. Niliweka kiganja changu juu ya ule mto wa juu kwanza, nikakiacha pale, kama nilivyokuwa nikifanya kifuani pake akiwa na homa. Halafu nikafunga. Mtu hawezi kufanya hivyo halafu akafunga vibaya. Kama unaamini anaweza, basi kaa kwa mama yako.

Milango ya zahanati nilikuwa nimekwisha kuchagua mbao zake. Nimezigeuzia ukutani nisizione.

Sitakuja kukuchukua. Siendi kuomba msamaha wa kosa ambalo sikulifanya, hata kwako.

Alois


Njombe
18 Oktoba 1955

Lameki,

Leo asubuhi mtu mmoja amepiga hodi hapa kwa mama. Amesema anaitwa Efraimu, anafyeka majani na kubeba mizigo pale kiwanja cha ndege. Amepata kazi kiwanda cha chai Lupembe, anaondoka kesho, na hataki kuondoka na amana ya mtu. Alikuwa amebeba kitu kichwani, amekifunika gunia.

Lameki. Ni sanduku.

Sanduku ulilolitupa Dar es Salaam limetoka Njombe, maili moja kutoka hapa nilipoketi. Halijapanda ndege hata siku moja. Efraimu anasema ulimwambia, "Nitunzie mpaka nirudi," nawe ukaondoka na kamera mkononi. Alikuwa ameliweka juu ya dari yake, panya wasilifikie. Mtu ambaye hatujui hata ukoo wake amelitunza kuliko wewe!

Mfuniko wake unateleza. Hauna bawaba. Nimeufungua na kuufunga mara kumi. Mito sita imo yote, safi, hata uzi mmoja haujakatika. Nilipoiona ile flana ya bluu nilikaa chini pale pale mlangoni, na mama akadhani nimeanguka. Imebaki na tundu katikati, kwa umbo la kamera. Tupu.

Nimemwacha mume wangu kwa ajili ya barua yako. Wiki mbili anajipikia. Nimemwambia maneno ambayo mke hamwambii mume. Mzee Yoramu amemnyang'anya kazi. Watu hapa wakipita wanasema, "Yule ndiye mke wa fundi aliyeua picha ya mtoto wake." Na wewe uko huko unajifunza kupiga picha.

Nieleze ulichokifanya. Usinipambie maneno. Nieleze kama unavyomweleza Mungu, kwa kuwa mimi sasa ni mkali kuliko Yeye.

Hulda


Dar es Salaam
27 Oktoba 1955

Dada yangu,

Nitakueleza.

Siku ile pale kiwanjani walipima mizigo, na abiria nao tukapandishwa kwenye mizani kama mahindi. Yule Mzungu mwenye kuandika akasema mzigo wangu umezidi. Ama nipunguze ama nibaki. Nyuma yangu walikuwa wamesimama Wazungu wanne, mwanamke mmoja ana mbwa mdogo. Mimi nilikuwa Mwafrika peke yangu, nimevaa suti ya kuazima, na nimepakata sanduku lililoshonewa marekani kama maiti. Yule mwanamke akaniuliza, "What have you got in there, a baby?" yaani nimebeba nini humo, mtoto? Wote wakacheka.

Hulda. Ningesema nini?

Nikamwambia Efraimu afungue. Yeye ndiye aliyekata uzi na kutoa skrubu, mimi nilikuwa nimewapa mgongo, naona aibu. Ndiyo maana sikujua habari ya mfereji. Akanipa kamera. Ningeweza kutoa viatu vyangu vipya na vitabu, sanduku likabaki. Nilijua hivyo hata wakati ule. Lakini nilitaka kupanda ndege kama mtu wa kawaida, mikono mitupu. Nikaitia kamera kwenye begi la nguo, katikati ya viatu, nikaifunika shati. Begi likaenda tumboni mwa ndege. Nilipolifungua jioni, soli ya kiatu ilikuwa imebana kitasa cha mlango wa nyuma, na mlango uko wazi.

Niliufunga haraka. Nilikaa kitandani nimeishika, kana kwamba nikiishika mwanga utatoka. Kisha nikaanza kumfikiria Alois, na kiburi chake cha fundi, na barua yake ya "lipakate mapajani". Nikakasirika. Sijui kwa nini nilimkasirikia yeye. Ilikuwa rahisi.

Nimekosa. Lakini nakuomba, usimwambie bado. Mafunzo yanaisha Novemba tarehe 25. Habari hii ikifika Bomani wataninyima kazi ya upigaji picha, nami nimeahidiwa. Nikirudi nitanunua kamera yangu nzuri, nitawapiga picha wewe na Alois, nyingi mtakavyo. Nivumilie mwezi mmoja tu.

Ndugu yako,
Lameki


Makambako
6 Novemba 1955

Lameki,

Hulda amerudi. Aliteremka kwenye lori la pareto akiwa na sanduku kichwani na barua yako mkononi. Alinipa barua kabla hata ya kunisalimu, akasimama pale mpaka nilipomaliza kusoma. Kisha akasema, "Nipige ukitaka." Sikumpiga. Nimpige kwa kosa lako?

Unaomba uvumiliwe mwezi mmoja. Mimi nilipoomba sanduku tu, ulinipa nini?

Sikiliza sasa. Kiatu kilichofungua kamera ningekusamehe. Hata aibu ningekusamehe. Mimi pia nimewahi kusimama mbele ya Wazungu kofia mkononi, najua jinsi mdomo unavyokauka. Ungeandika, "Shemeji, niliona aibu, nikaharibu," ningelia, ningekutukana, na mwisho ningekuja kukupokea kiwanjani. Lakini ulikaa ukachukua kalamu. Ukatafuta neno "bawaba". Ukatafuta bahasha. Siku nyingine ukatafuta bahasha ya pili, ukamwandikia Mzee Yoramu. Huo haukuwa mshtuko. Ulikuwa kazi, na uliifanya kwa makini kuliko ulivyofunga kamera.

Nataka hivi. Mafunzo yakiisha, utarudi Njombe. Jumapili ya kwanza, watu wakitoka ibadani, utasimama mbele ya Mzee Yoramu na wote waliosikia ile barua, utasema kwa mdomo wako nani aliifungua kamera ile. Nitakuwepo, Mkatoliki nikisimama nje ya kanisa lenu. Nisipolisikia kila neno, nitapanda ngazi zile niisome barua yako mwenyewe, pamoja na yule mwanamke na mbwa wake.

Wakikunyima kazi Bomani, njoo kiwandani. Nitakufundisha bawaba ni nini.

Alois Mlowe, Seremala


Njombe
5 Desemba 1955

Shemeji Alois, na dada Hulda,

Mliniona jana, mlisikia. Nilisema yote. Sikuacha hata viatu. Mama alilia, na Mzee Yoramu alivua kofia. Ameniambia leo kwamba fundi wa Wanging'ombe amefanya milango miwili tu, na iliyobaki itakurudia wewe, Alois, ukikubali.

Bomani hawajasema neno. Nangoja.

Mliondoka kabla sijawafikia. Nilikimbia mpaka stendi ya malori, mkawa mmekwisha panda. Nilimwona Hulda akinitazama kutoka juu ya lori, lakini hakupunga mkono, nami sikuthubutu kupunga wa kwangu.

Nimeazimwa kamera nzuri. Nataka kuja Krismasi niwapige picha. Niambieni tu kama mmenisamehe, nijue namna ya kuja.

Lameki


Makambako
14 Desemba 1955

Lameki,

Alois amesema nijibu mimi. Milango ameikubali, alianza kuipiga randa jana. Alisema hafanyi kwa ajili yako, wagonjwa hawakumkosea.

Unauliza kama tumekusamehe. Hapana. Sitakudanganya, uongo umetosha katika nyumba hii. Alois alikusikia pale nje ya kanisa, na njiani akaniambia, "Amesema kiume." Hilo ndilo jema pekee alilosema, lichukue. Mimi sina langu bado. Labda litakuja. Usinihimize.

Krismasi usije na kamera. Nikiiona nitaitupa kisimani.

Nikuambie kwa nini, usidhani ni ukaidi tu. Unakumbuka Avelina akicheka alikuwa na kishimo shavuni, kimoja tu? Juzi Alois alisema kilikuwa shavu la kushoto. Nikamwambia hapana, la kulia, mimi ndiye niliyekuwa nikimnawisha uso. Tukabishana mpaka tukapandishiana sauti, kisha tukagundua kwamba hakuna anayejua. Miezi sita tu, Lameki. Nimemwuliza mama, naye hana hakika.

Ile picha ya tano, alikuwa anacheka. Wewe ulikuwa unamtazama kwenye kile kioo kidogo. Kama unakumbuka ni shavu gani, tuandikie. Kama hukumbuki, usiandike kitu.

Hulda